Mwizi Aliyefukia Mashimo

Komeo la mlango wa Bi Barka lilikuwa na tabia ya kulia kama paka aliyekanyagwa mkia. Alfajiri ile halikulia. Liligonga mara moja tu, mlio mdogo kama wa kijiko kinachowekwa juu ya sahani, na Sajini Mwanatumu akafumbua macho gizani.

Alisikiliza. Nyayo zilishuka kizingitini, zikapita uani, zikapotelea upande wa ufuoni. Muadhini hakuwa bado ameadhini. Sajini alitaka kuinuka, akajikuta amefunikwa leso. Jana usiku alijilaza bila ya kujifunika, kwa lile joto. Ubaridi wa alfajiri ulipoingia, mtu alikuja kwa ncha za vidole akamfunika kuanzia mabegani hadi miguuni, kama afunikwavyo mtoto. Aliivuta leso hadi kidevuni, na kabla hajajiuliza bibi wa miaka sabini na tatu anakwenda wapi saa hizo, usingizi ukamrudia.

Alipoamka mara ya pili kulikuwa kumekucha, na mwenyeji wake alikuwa amekwisha rudi, ameketi mbele ya jiko, anageuza vitumbua.

"Ndoo ukae, mwanangu," alisema Bi Barka. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, mjane wa nahodha, na alizungumza Kiamu cha zamani, chenye 'ndoo' badala ya 'njoo', kilichomfanya Sajini, mzaliwa wa Lamu mjini, amkumbuke marehemu mamake. "Umelala?"

"Nimelala kama jiwe, Bi Barka. Na ahsante kwa leso."

"Leso ni kitu gani." Alimmiminia chai ya tangawizi. "Leo ndiyo siku ya Hussam?"

"Leo ndiyo. Baada ya sala ya Ijumaa anatakiwa awe kituoni."

Bi Barka aligeuza kitumbua ambacho kilikuwa kimeshageuzwa. "Hussam si mtoto mui, hana ubaya," alisema.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi kuieleza. Ijumaa iliyopita, saa moja na nusu asubuhi, hapa Matondoni, pikipiki ya kijana Hussam ilimgonga Ghada, mtoto wa miaka sita, mbele ya chekechea ya Tausi. Paja la mtoto lilivunjika. Mbele ya chekechea hiyo palikuwa na tuta, nalo halikuwa la lami wala la saruji. Lilikuwa kamba kuukuu ya katani, nene kama mkono wa mtu mzima, iliyolazwa kukata barabara na kushikiliwa ardhini kwa vigingi vinane vya mkoko. Kamba ile iliwekwa ili pikipiki zipunguze mwendo, nazo zilikuwa zikipunguza. Ijumaa ile tuta halikuwapo, na mpaka leo halijaonekana.

Kijiji kizima kilisema Hussam ndiye aliyeling'oa. Kwa mkuu wa kituo, mjini, hapo ndipo penye uzito wote. Kumgonga mtoto kwa haraka ni kosa moja. Kung'oa kinga ya watoto kisha ukamgonga mtoto ni kosa jingine kabisa, na mlango wake ni jela. Alikuwa amempa Hussam dhamana ya wiki moja, na wiki ilikuwa inakwisha leo saa nane.

Sajini alimaliza kitumbua cha tatu kwa sababu Bi Barka hakukubali aishie viwili, akatia daftari lake mfukoni, akatoka.

Chekechea ilikuwa jengo la chumba kimoja, kuta nyeupe, mlango ukiangalia barabarani. Sajini alisimama mahali tuta lilipokuwa. Siku ya ajali alikuwa amefika hapa kabla ya saa nne na kupima kila kitu. Alama ya tairi lililoteleza, hatua kumi na moja. Alama ya rangi nyekundu ya tangi ukutani, chini kabisa, mahali pikipiki ilipojibamiza. Kiatu cha mtoto, hatua mbili kutoka ukutani. Hayo yote aliyaelewa. Ambalo hakulielewa lilikuwa mistari miwili ya mwisho ya ukurasa ule ule: *Mashimo ya vigingi manane. Yote yamefukiwa, yakashindiliwa, na juu ya kila moja pamewekwa kijiwe.*

Alichuchumaa akayatazama tena. Vijiwe vilikuwa vimekanyagwa, lakini vilikuwepo.

"Mimi pia niliviona," alisema mtu nyuma yake. Alikuwa Mwalimu Wairimu, mkuu wa chekechea, mwanamke mrefu wa miaka thelathini na kidogo, aliyekuja kutoka bara mwanzoni mwa mwaka. Alishika bakuli la vipande vya chaki. "Nilijiambia, labda mwizi hakutaka ionekane kwamba kulikuwa na mashimo."

"Anayetaka kuficha mashimo hayawekei alama ya kijiwe, Mwalimu. Vijiwe ni vya kukanyaga. Bila hivyo mguu wa mtoto ungetumbukia humo. Wa punda pia."

Mwalimu Wairimu alifikiri. "Basi ni mwizi mwenye huruma, Afande."

"Ndiye ninayemtafuta. Na ilikuwa mara ya tatu, si ndiyo?"

"Ya tatu. Mara mbili za kwanza tuta lilitoweka asubuhi, na kesho yake asubuhi majirani wakalikuta hapa ukutani. Kamba imezungushwa vizuri, vigingi vimefungwa pamoja. Tukadhani ni mzaha wa vijana wa pikipiki. Tukalirudisha, yakaisha. Mara ya tatu ndiyo Ghada..." Alilitazama bakuli la chaki. "Na mara ya tatu kamba haikurudi."

"Siku gani, zile mbili za kwanza?"

Mwalimu aliingia ndani akarudi na daftari la mahudhurio. Alikuwa mtu wa kuandika, na Sajini alimpenda kwa hilo. "Tarehe saba. Tarehe kumi na nne. Na ajali ikawa ishirini na moja."

Sajini alihesabu kwa kidole. "Ijumaa, Ijumaa, Ijumaa."

"Ndiyo maana watu wanamshuku Hussam. Ijumaa anabeba abiria wa kwenda kusali mjini tangu alfajiri. Tuta linamchelewesha."

"Na Jumamosi anarudisha kamba imekunjwa?"

Mwalimu alilifunga daftari taratibu.

"Vile vigingi vilifungwa kwa kitu gani?"

"Kitambaa. Nilikihifadhi, tunakitumia kufutia ubao." Aliingia tena akatoka na utepe wa leso, upana wa vidole vitatu, mweupe kwa vumbi la chaki. Sajini aliupiga kwenye paja lake mara mbili. Vumbi lilipotoka, pindo jekundu lenye vitone vyeupe likajitokeza.

Aliuangalia utepe ule kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida yake. Kisha akaukunja akautia mfukoni, upande usio na daftari.

"Umeufahamu?" aliuliza Mwalimu.

"Leso ni nyingi Matondoni," alisema Sajini. "Niambie kitu kimoja. Jengo hili lilikuwa nini kabla yenu?"

"Chuo cha Qurani. Wao wamehamia jengo jipya la msikitini, sisi tukapewa hili Februari, mwezi mmoja kabla ya tuta."

"Nanyi mnafunga siku gani?"

"Jumamosi na Jumapili, kama shule zote." Mwalimu alitabasamu kidogo kwa mara ya kwanza. "Ijumaa ni siku kubwa ya watoto. Ijumaa tunachora. Watoto huja mbio, kila mmoja anataka kuwahi kalamu nyekundu. Ghada alikuwa anakimbilia kalamu, Afande."

Ndani ya chumba, watoto waliokuwa wameachwa wenyewe walianza kuimba herufi kwa sauti tatu tofauti. Mwalimu alirudi kwao.

Sajini alimkuta Hussam kwenye baraza ya nyumba ya mamake, anachambua samaki. Pikipiki yake ilikuwa kituoni, na kijana asiye na pikipiki alionekana kama mtu aliyevuliwa kofia. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na bandeji kutoka kiwiko hadi kiganja.

"Afande, nishajitayarisha," alisema. "Nimefunga nguo mbili na mswaki."

"Jela wana miswaki yao."

"Kweli?"

"Sijui, sijawahi kulala huko. Kaa." Sajini naye alikaa. "Nitakuuliza maswali matatu. Ijumaa ile ulipita hapo mara ngapi?"

"Mara mbili. Saa kumi na moja, giza, nikaenda mjini na abiria. Tuta lilikuwepo, nililirukia likanikata ulimi. Mara ya pili ndiyo ile ya saa moja na nusu."

"Kwa hivyo liling'olewa kati ya saa kumi na moja na saa moja na nusu, na wewe ulikuwa njiani."

"Niliwaambia siku ile ile. Nani alisikiza?"

"La pili. Ulikuwa unakwenda kasi gani?"

Hussam aliangalia samaki. "Kasi ya kawaida."

"Tairi lako liliteleza hatua kumi na moja. Nimezihesabu kwa miguu yangu. Mtu anayekwenda kasi ya kawaida mbele ya mlango wa watoto hatelezi hatua kumi na moja."

Paka alikuja akatazama ndoo ya samaki, akaketi kusubiri hukumu.

"Nilikuwa nategemea tuta," alisema Hussam hatimaye. "Walahi, Bi Mwanatumu. Kila siku nakuja kasi, nikiliona tuta nafunga breki. Ndivyo tulivyozoea sote. Siku ile macho yalitafuta tuta, hayakuona tuta, yakaona mtoto."

"Tuta halikuwepo. Shule ilikuwepo."

"Ndiyo."

"Sema tena."

"Shule ilikuwepo," alisema Hussam, na sauti yake ikawa ndogo.

Sajini aliandika. Kisha akafunga kalamu. "La tatu si swali. Nimeona rangi ya tangi lako ukutani, na nimeona kiatu cha mtoto kilipokuwa. Uliitupa pikipiki ukutani nawe ukiwa juu yake ili isipite juu ya mtoto. Mpini ndio uliomgonga. Hilo hukulisema kwa mtu yeyote."

"Lingesaidia nini? Mguu umevunjika."

"Limenisaidia kukuamini," alisema Sajini, akiuelekezea kidole mkono wa kijana wenye bandeji. "Nusu saa baada ya sala, uwe gatini mjini. Usiingie kituoni kabla yangu. Na huo mswaki uache nyumbani."

Banda la Fundi Bwanamkuu, muundaji wa mashua, lilikuwa ufuoni, na mzee mwenyewe alikuwa ndani ya mbavu za mashua, anapiga pamba kwenye nyufa kwa patasi butu na nyundo ya mti. Hakusimama alipomwona Sajini. Aliongeza mapigo.

"Fundi, ile kamba ya tuta aliipata kwako Mwalimu?"

"Kamba ni nyingi."

"Nene kama mkono wangu si nyingi."

Nyundo iligonga mara nne. "Mwalimu aliniomba kamba kuukuu. Ni mgeni, ameacha kwao kwa ajili ya wana wetu. Ningemwambia sina?"

"Hukukosea kumpa. Nauliza uliitoa wapi."

Bwanamkuu aliweka nyundo chini. Alikuwa mzee wa mabega mapana na macho mekundu ya moshi wa lami. Alitoka ndani ya mashua akaketi juu ya gogo, na kwa vile hakuwa na kiti kingine alimpisha Sajini upande uliolainika wa gogo, yeye akakalia wenye mafundo.

"Unajua kushua chombo?"

"Nimeona. Watu wanakivuta mpaka majini."

"Watu na kamba. Kamba ile ilikuwa ya ndugu yangu, marehemu Nahodha Athman. Alipoona safari yake imekaribia, alituita watu watatu tuwe mashahidi, akaitoa wakfu. Chombo chochote kitakachoundwa Matondoni, cha tajiri au cha maskini, kishuliwe kwa kamba ile bila malipo. Ikawa hivyo miaka sita. Siku hizi zombo ni ndogo, twazisukuma kwa mabega. Kamba imelala kwa mwaka na nusu. Nikasema moyoni, bora ilinde wana kuliko kuliwa na panya." Alikwaruza lami kwenye kucha yake. "Lakini wakfu haubadilishwi shuruti yake, sharti la aliyeutoa. Na mimi siye msimamizi wa wakfu ule. Nilitoa kitu kilichokuwa si changu. Nikaona haya kwenda kusema."

"Na wewe ndiye uliyekuwa ukiing'oa siku za Ijumaa?"

"Mimi?" Alicheka kicheko kikavu. "Ijumaa zote tatu nilikuwa kisiwani Ndau, nafanya kazi ya jahazi la watu. Kila wiki nalikwenda Alhamisi, nikarudi Jumapili. Uliza mwenye jahazi, uliza mkewe aliyenilisha dagaa siku tisa."

"Msimamizi ni nani?"

Bwanamkuu aliitazama mashua yake kana kwamba ndiyo iliyouliza.

"Fundi. Saa nane kuna kijana anapoteza miaka yake."

"Mkewe marehemu," alisema Bwanamkuu. "Shemeji yangu. Mwenye nyumba uliyolala."

Sajini aliinuka. Mlango wa banda la kamba ya wakfu, alioonyeshwa na Fundi, ulikuwa hatua thelathini kutoka hapo, umefungwa kwa kipande cha mti. Ndani, juu ya magogo mawili ili unyevu usiifikie, kamba ilikuwa imezungushwa duara tatu zilizolingana, na ilikuwa inang'aa. Alipitisha kidole. Mafuta ya papa, mabichi, ya leo. Pembeni vilikaa vigingi vinane, vimefungwa kwa utepe mwingine mwekundu wa vitone vyeupe.

Bi Barka alikuwa uani anatia uji wa mtama kwenye chupa ya chai. Sajini aliingia chumbani, akaichukua leso aliyofunikwa alfajiri, akaikunjua. Upande mmoja haukuwa na pindo. Alitoka nayo, akaketi kwenye mkeka, akatoa utepe mfukoni na kuulaza palipopungua. Vitone viliendana.

Bi Barka alifunga kifuniko cha chupa taratibu mpaka mwisho.

"Ningekufunika kwa ile ya kijani," alisema. "Lakini hii ndiyo nzito, na ulikuwa wakunja miguu kwa baridi."

"Nimelipenda hilo, Bi Barka. Hilo ndilo linalonipa tabu." Sajini aliilaza leso magotini. "Na komeo umelitia mafuta nisiamke?"

"Usiamke, nawe usinione. Yote mawili."

"Nieleze."

Bi Barka alieleza bila ya kupamba. Siku ya kwanza alipoiona kamba ya mumewe chini ya magurudumu alitaka kwenda kwa Mwalimu. Akafikiri, nikimwambia mgeni yule kwamba ametumia wakfu ataona haya hata aikimbie nti yetu, arudi kwao. Akataka kwenda kwa Bwanamkuu. Akafikiri, nikimwambia mbele ya watu, nitakuwa nimemvua nguo shemeji yangu aliyemuosha mume wangu. Kisha akawaona watoto wakivuka, na pikipiki zikinyenyekea kwenye kamba moja baada ya moja, akasema, labda Athman angeridhika.

"Lakini shuruti ni shuruti. Nikasema, siku sita iwe ya wana, siku moya irudi kwenye wakfu wake. Niitie sifa, yaani mafuta ya papa, nimsomee marehemu Yasini, alfajiri ya Jumamosi niirudishe. Nikachagua siku ambayo haina wana."

"Ijumaa."

"Ijumaa. Chuo hufungwa Alhamisi na Ijumaa. Ndivyo kilivyokuwa kwangu, kwa mamangu, kwa kila mtu. Mimi sina mtoto wala mjukuu wa kunambia. Nyumba yangu iko huku ufuoni, sioni barabara. Nalijua wamebadilisha mwalimu. Sikujua wamebadilisha siku." Mikono yake ilikuwa juu ya chupa ya uji. "Niliyafukia mashimo ili punda wasivunjike mguu."

"Na baada ya ajali?"

"Nilisikia ukelele nikatoka. Nikaona ni wana, Ijumaa, wamevaa sare." Aliipangusa chupa. "Tangu siku ile kamba sijaweza kuigusa ila kuipaka mafuta. Nalijiambia, kesho nitakwenda kusema. Kila kesho nimepika uji nikampa mwenye mashua amfikishie mtoto hospitali mjini, bila kusema watoka kwa nani. Jana ulipokuja kuomba malazi nikasema, Mungu amenitumia polisi nyumbani, nisiwe na haja ya kutembea. Na bado sikusema. Nikatia mafuta komeo."

"Hussam angefungwa, Bi Barka."

"Hapana." Aliingia chumbani, akarudi na fuko dogo la ukili. Ndani mlikuwa na buibui lililokunjwa, msahafu, na mswaki wa mti. "Nalikuwa nimekusudia leo. Nilitaka ule kwanza."

Sajini Mwanatumu alipiga simu akiwa amesimama pale uani. Mkuu wa kituo alipokea mlio wa pili.

"Hussam hakung'oa tuta," alisema Sajini. "Mwendo wa kasi ni wake, na amekiri. Atalipa kwa hilo, si kwa lile jingine."

"Aliyeling'oa ni nani?"

"Mtu aliyedhani Ijumaa watoto hawasomi. Nakuja naye."

"Ametiwa pingu?"

Sajini alimwangalia Bi Barka. "Mikono yake imeshika chupa ya uji, bwana mkubwa."

"Alidhani chuo bado kiko pale," alisema mkuu wa kituo polepole, kwa sauti ya mtu ambaye naye alianzia chuoni, akakaa kwenye mkeka na kungoja Alhamisi. "Lete maelezo yake. Kisha tutaangalia."

Kituoni, maelezo yalichukua saa nzima, kwa kuwa Bi Barka alisisitiza yasomwe upya kila aya, na mahali pawili aliomba lawama yake iongezwe. Hussam alikaa benchi ya pili. Alipoelewa ni nani alikuwa mbele yake na kwa nini, aliweka uso ndani ya viganja, bandeji na yote, akakaa hivyo mpaka mabega yalipotulia. Bi Barka alikwenda akasimama mbele yake.

"Nimekuchelewesha wiki nzima, mwanangu. Niwie radhi."

"Nimekuwia, Bibi." Alipangusa pua. "Nami nilikuwa nakuja kasi."

Mkuu wa kituo aliandika amri fupi. Bi Barka angerudi nyumbani na kuitwa ikihitajika. Hussam angeshitakiwa kwa mwendo wa kasi pekee, na pikipiki ingekaa kituoni mwezi mmoja. Katika mwezi huo, Hussam mwenyewe alijitolea kabla hajaombwa, yeye na wenzake wangejenga tuta la mawe na saruji, pana, lisilong'oka. Kwa simu, Fundi Bwanamkuu alikubali kuchonga vibao viwili vya kusimamishwa pande zote mbili za chekechea. Aliuliza viandikwe nini. Kilomita za saa hakuna aliyeziangalia Matondoni, nusu ya pikipiki hazikuwa na mshale wa mwendo unaofanya kazi.

"Andika *Mwendo wa punda*," alisema Sajini. "Hiyo kila mtu anaijua."

Ilikuwa alasiri walipoingia hospitalini, Sajini mbele, Bi Barka nyuma na chupa yake. Ghada alikuwa kitanda cha dirishani, mguu umefungwa na kuinuliwa, uso umekonda lakini macho yakiwa makali kama ya ndege. Mamake, Fahima, alikuwa anamkata kucha.

"Daktari amesema mfupa umeshika vizuri," Fahima alimwambia Sajini kabla hajaulizwa. "Atatembea. Asubuhi ameomba chapati. Wiki nzima hakuomba kitu ila maji." Kisha akaiona chupa, akamwona aliyeishika. "Kumbe ule uji ni wako, Bi Barka?"

"Uji ni wangu. Na tuta nililitoa mimi."

Alisimama wima akasema yote, kwa mama na kwa mtoto, kamba, wakfu na Ijumaa. Fahima alisikiliza, kikata kucha mkononi. Alimtazama Bi Barka, akaitazama chupa, akahesabu labda siku saba za uji. Hatimaye alivuta kiti kwa mguu wake, akakisukuma nyuma ya magoti ya bibi yule.

"Kaa," alisema. "Umesimama sana."

Bi Barka alikaa. Sajini Mwanatumu alifungua daftari lake, akapiga mstari chini ya ukurasa, na akaegemea ukuta kwa mara ya kwanza siku ile.

"Bibi," alisema Ghada, "wewe hukujua Ijumaa tunachora?"

"Sikujua, mama. Sasa nimejua."

"Nilikuwa nakimbilia nyekundu. Sasa atakuwa ameichukua mwengine."

"Nitakuletea."

Ghada alifikiri. Alichukua kikombe cha uji kwa mikono miwili, akanywa hadi ukabaki mstari mweupe juu ya mdomo wake. "Huku hospitali hawachori," alisema. "Hata Ijumaa."

Nje, muadhini wa alasiri alianza. Bi Barka aliinuka, akakunja ncha ya shuka iliyokuwa imeteremka, akaipenyeza chini ya godoro pande zote mbili, na akaelekea mlangoni.

"Bibi," mtoto aliita. "Ndoo tena. Ndoo Ijumaa."

Bi Barka alishika mwimo wa mlango. "Ijumaa," alisema. "Inshallah, sitaisahau siku."

"Na uje asubuhi," alisema Ghada. "Twaanza asubuhi."